Sifa ya Toyota ilijengwa kwa kukiri makosa

Sisi Wakenya tuna namna yetu ya kubatiza vitu. Matatu ya abiria 14 tuliiita "nissan", na jina hilo likaendelea kutumika hata pale gari lenyewe lilipokuwa limeandikwa Toyota mbele na nyuma. Abiria alipanda Toyota kituoni, kisha akafika nyumbani akasimulia kwamba alikuja na nissan. Kwa mwanaisimu, huo si ujinga. Ni desturi ya lugha kwamba jina la kitu kimoja hupanuka likafunika jamii yake nzima. Hata hivyo, muulize abiria huyohuyo ni gari gani angependa kununua siku Mungu akimjalia uwezo. Aghalabu hatasita. Atasema Toyota, na ukimdadisi sababu atakujibu kwa maneno machache: haisumbui, spea zake ziko kila mahali, na ukitaka kuiuza leo utapata mnunuzi kesho.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangu biashara ya magari ya mitumba kutoka Japani iliposhika kasi humu nchini katika miaka ya 1990, Toyota imekuwa ikijiuza yenyewe, kuanzia bandarini Mombasa hadi vijiji vya ndani kabisa. Nia yangu katika makala haya si kuipigia kampuni hiyo tarumbeta, maana haina haja na tarumbeta yangu. Nataka tujiulize, sisi walimu na wanafunzi, sifa hiyo ilitoka wapi. Jibu, kwa maoni yangu, linapingana na jambo tunalolifundisha kila siku katika shule zetu bila ya kulitamka. Sifa ya Toyota haikujengwa na watu wasiokosea. Ilijengwa na watu waliojizoeza kulionyesha kosa mapema, na ilitiwa doa kila walipoanza kulificha.

Hadithi yenyewe haianzi na gari. Inaanza na nguo. Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka wa 1867, mwana wa seremala, katika kijiji kilichoko katika mkoa ambao leo unaitwa Shizuoka. Alikulia mahali ambapo wanawake walifuma nguo kwa vitanda vya mfumi vya mkono, kazi ya kuchosha yenye pato dogo. Mwaka wa 1891 alipata hataza yake ya kwanza, kwa kitanda cha mbao alichokiboresha yeye mwenyewe. Aliendelea kuvunja na kuunda upya kwa zaidi ya miaka 30, hata ilipofika mwaka wa 1924 akakamilisha, kwa ushirikiano na mwanawe Kiichiro, kitanda kilichojiendesha chenyewe na kuitwa Aina ya G.

Ajabu ya kitanda hicho haikuwa kasi peke yake. Ajabu yake ni kwamba uzi ulipokatika, kitanda kilisimama. Katika vitanda vya awali, uzi mmoja ulipokatika bila ya mfumi kuutambua, kitambaa kiliendelea kufumwa pamoja na dosari yake, dhiraa baada ya dhiraa, hadi kazi ya siku nzima ikawa bure. Ndiyo maana ilibidi mtu avikodolee macho vitanda vyake bila ya kupepesa. Kitanda cha Toyoda kilijishtaki chenyewe. Ni kama kilichosema: "Nimeharibikiwa, njoo unitazame." Mfanyakazi mmoja sasa aliweza kusimamia vitanda vingi kwa pamoja, kwa kuwa alihitajika tu pale penye hitilafu. Mwaka wa 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyokuwa mama wa viwanda vya nguo, ilitia sahihi mkataba wa kununua haki za uvumbuzi huo kwa pauni 100,000. Mwana wa seremala alikuwa amewafundisha mabingwa.

Hapa naomba ruhusa ya kusema neno la taaluma yangu. Kanuni hiyo ya mashine kusimama palipo na kosa huitwa jidoka. Kwa kawaida neno hilo huandikwa kwa alama tatu zenye maana ya kujiendesha kwa mashine. Toyota huliandika kwa namna yake: katika alama ya katikati huongeza kijisehemu kinachowakilisha mtu, na alama iliyokuwa na maana ya kusogea ikawa na maana ya kufanya kazi. Matamshi hayabadiliki hata kidogo, ila maana hugeuka. Mashine inayosogea tu haina akili. Mashine inayofanya kazi ina busara ya binadamu ndani yake. Sijui falsafa ngapi za elimu zimewahi kuelezwa kwa mstari mdogo kiasi hicho wa kalamu.

Sakichi alifariki mwaka wa 1930. Kiichiro, mhitimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, aliigeukia ndoto ya magari, na mwaka wa 1933 idara ya magari ikafunguliwa ndani ya kiwanda cha vitanda vya kufumia. Usidhani mambo yalikuwa mteremko. Lori lao la kwanza, G1, lilitangazwa Tokyo mwezi wa Novemba 1935, na mojawapo ya malori yaliyokuwa yakipelekwa huko kwa uzinduzi liliharibika usukani njiani. Yaliyouzwa baadaye yalikwama mara kwa mara. Kampuni ilituma mafundi kuyafuata huko yalikokwama, wakayatengeneza, na habari za kila ubovu zikarudishwa kiwandani ili kilicholeta ubovu kirekebishwe. Hivyo ndivyo gari ambalo leo tunaliita "lisilokufa" lilivyoanza maisha yake: likifa barabarani.

Mwaka wa 1936 likazuka suala la jina. Jina la ukoo, Toyoda, lina maana ya shamba la mpunga lenye rutuba. Kampuni iliwaalika wananchi washindanie kubuni nembo, na michoro ipatayo 27,000 ikapokewa. Uliochaguliwa ulitumia "Toyota" badala ya "Toyoda". Sababu zilizotolewa zinamfurahisha mwalimu yeyote wa fonetiki. Kwanza, sauti /d/ ni ghuna na /t/ ni sighuna, na katika istilahi za Kijapani sauti ghuna za namna hiyo huitwa sauti zilizochafuka, ilhali sighuna huitwa sauti safi. Pili, Toyota likiandikwa kwa hati ya katakana lina mikwaju minane ya kalamu, na nane ni nambari ya heri kwa Wajapani. Toyoda lina mikwaju kumi. Tatu, jina jipya liliitenga kampuni na ukoo ili iwe mali ya umma mpana. Kampuni ya Magari ya Toyota ilisajiliwa rasmi mwezi wa Agosti 1937. Lakini jina zuri halitengenezi usukani. Baada ya heri ya nambari nane, shida zilikuwa bado zinangoja.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ilikaribia kufilisika. Mwaka wa 1950 kulikuwa na mgomo mkali, wafanyakazi wasiopungua 1,600 wakaondoka, na Kiichiro akajiuzulu kama ishara ya kubeba lawama. Wiki chache tu baadaye Vita vya Korea vikazuka, na maagizo ya malori kutoka kwa jeshi la Marekani yakaiokoa kampuni. Kiichiro alifariki mwezi wa Machi 1952 kabla ya kuona matunda. Mwaka wa 1957 kampuni ilijaribu kuuza Marekani gari lake la Crown. Lilipofika katika barabara kuu za huko, likashindwa kuhimili mwendo na injini ikachemka. Ilipofika mwaka wa 1960 biashara hiyo ya magari madogo ikasimamishwa. Wangeweza kuwalaumu Wamarekani kwa kukimbiza magari kupita kiasi. Badala yake walirudi kiwandani, na mwaka wa 1965 wakarejea na gari jingine, Corona, lililoundwa kwa kuzingatia barabara hizo. Mwaka wa 1966 ikazaliwa Corolla, ambayo kufikia mwaka wa 2021 ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 50.

Mtu aliyeigeuza hekima ya kitanda cha mfumi kuwa utaratibu wa kiwanda cha magari ni Taiichi Ohno. Katika utaratibu wake, juu ya mstari wa kuunganisha magari paliwekwa kamba. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa juzi, akiona kasoro ana haki na wajibu wa kuivuta. Taa huwaka, kiongozi wa kikundi humjia mara moja, na wasipoweza kutatua tatizo kwa muda uliowekwa, mstari husimama. Msomaji, hebu tafakari gharama yake. Kila dakika ya kusimama ni hasara. Lakini Ohno alijua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta: kasoro inayogunduliwa hapohapo ni ya dakika moja, na inayogunduliwa na mteja ni ya miaka.

Ohno alisisitiza pia kwamba tuulize "kwa nini" mara tano. Mfano wake ni huu. Mashine imesimama. Kwa nini? Fyuzi imeungua kwa kuzidiwa. Kwa nini ilizidiwa? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haikuvuta vizuri. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Kwa nini umelika? Hapakuwa na chujio, vipande vya chuma vikaingia. Anayekoma katika swali la kwanza atabadilisha fyuzi, na baada ya mwezi mmoja itaungua tena. Anayefika la tano ataweka chujio, na kisa kitakwisha.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wajapani na utamaduni wao. La hasha! Kiwanda cha General Motors kilichokuwa Fremont, California, kilifungwa mwaka wa 1982, kikiwa na sifa mbaya kwa utoro, migomo na magari mabovu. Mwaka wa 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, na wengi wa wafanyakazi wake walikuwa walewale wa zamani, chini ya chama kilekile. Walipelekwa Japani kujifunza, wakapewa kamba na ruhusa ya kuivuta. Baada ya muda mfupi magari yao yalikaribia kuwa sawa kwa ubora na yale ya Japani. Watu hawakubadilishwa, kilichobadilishwa ni jinsi kosa lilivyopokewa.

Sasa tugeuze upande wa pili wa shilingi, maana makala yanayosifu tu hayaelimishi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka wa 2008 Toyota iliipita General Motors ikawa muuzaji mkubwa wa magari kuliko wote duniani. Muda si muda, katika miaka ya 2009 na 2010, mamilioni ya magari yake yaliitwa yarudishwe kwa sababu vikanyagio vya mafuta vilikuwa vikikwama au kunaswa na mikeka ya miguuni, na watu walikuwa wamekufa. Mwezi wa Februari 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akaomba radhi, akakiri kwamba kampuni ilikua haraka kuliko uwezo wake wa kuwaandaa watu wake. Mwaka wa 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 baada ya kukiri kwamba iliwapotosha wateja kuhusu hitilafu hizo. Adhabu hiyo ilitokana na kuficha zaidi kuliko kukosea.

Haikuishia hapo. Mwezi wa Desemba 2023, uchunguzi huru ulibaini kwamba kampuni ya Daihatsu, inayomilikiwa na Toyota kikamilifu, ilikuwa imefanya udanganyifu katika majaribio ya usalama ya aina 64 za magari, na kisa cha zamani zaidi kilikuwa cha mwaka wa 1989. Mwezi uliofuata, udanganyifu ukagunduliwa katika majaribio ya injini za dizeli za kampuni ya Toyota Industries. Hiyo ndiyo kampuni ileile iliyoanzishwa kuunda kitanda kinachosimama uzi ukikatika! Mwezi wa Juni 2024 Toyota yenyewe ikakiri kasoro katika majaribio ya aina saba za magari, na uuzaji wa tatu kati yake, zikiwemo Fielder na Axio ambazo hazikosekani katika barabara zetu, ukasitishwa kwa muda nchini Japani. Haki itendeke: kampuni ilisema magari hayo ni salama na wenye nayo waendelee kuyatumia. Ila uaminifu ulikuwa umeshapata ufa.

Ni muhimu tujue wachunguzi walisema nini kuhusu chanzo cha kisa cha Daihatsu. Hawakusema wahandisi walikuwa wezi. Walisema ratiba zilikuwa zimebanwa kupita kiasi, kushindwa jaribio hakukuvumiliwa, na aliyepeleka tatizo kwa wakubwa hakupata msaada. Kamba ilikuwapo, lakini aliyeivuta alijikuta peke yake. Basi watu waliona ni heri kughushi.

Mwalimu mwenzangu, je, maneno hayo hayana sauti unayoitambua? Ratiba iliyobanwa, kushindwa kusikovumilika, na mtu mnyonge anayeona ni heri kughushi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka wa 2015, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa udanganyifu, na mwezi wa Machi 2016 bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa. Tangu hapo tumeongeza makasha ya chuma, kufuli na askari. Sipingi kufuli. Lakini kufuli ni kubadilisha fyuzi. Hatujafika katika "kwa nini" ya tano.

Niruhusu nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha fonolojia darasa kubwa. Wiki baada ya wiki nilieleza tofauti ya fonimu na alofoni, nikauliza kama tumeelewana, na vichwa vikatikiswa kukubali. Niliposahihisha mtihani niligundua kwamba zaidi ya nusu ya darasa walipotea katika wiki ya pili, na yote niliyoyajenga juu yake yalikuwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi uliokatika. Nilimwita mwanafunzi mmoja mwenye bidii nikamuuliza mbona hakusema. Akanijibu kwa heshima: "Mwalimu, niliona wenzangu wanakubali, nikadhani ni mimi peke yangu." Sikuwa na la kumlaumu. Wiki ya kwanza, aliyeuliza swali nililoliona jepesi nilimjibu kwa mzaha, darasa likacheka. Kamba niliikata mimi mwenyewe.

Na tunaikata kila siku. Tangu shule ya msingi mtoto hujifunza kwamba kosa ni aibu ya kuchekwa au dhambi ya kuadhibiwa. Mwalimu naye ana hofu zake: silabasi lazima imalizwe mapema ili muhula wa mwisho uwe wa kudurusu, na mwalimu anayeripoti kwamba darasa lake bado halijaelewa huonekana mzembe mbele ya aliyemaliza vitabu vyote. Basi mstari hausimami kamwe. Watoto wanasukumwa kutoka darasa hadi darasa na kasoro zao ndani, na mkaguzi wa kwanza wanayekutana naye ni mtihani wa taifa, wakati ambapo haiwezekani tena kufumua. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Najua pingamizi. Shule si kiwanda, na mtoto si gari. Nakubali kabisa, na ndiyo sababu hoja yangu ina uzito zaidi: gari bovu huitwa likarejeshwa kiwandani, mtu mzima aliyepita darasa la nne bila kujua kusoma vizuri ataitwa na nani? Wengine watasema kwamba darasa lenye wanafunzi 60 haliwezi kusimama kila mmoja anapotatizika. Hata kiwandani mstari hausimami kila kamba inapovutwa. Tatizo likitatuliwa upesi, kazi huendelea. Linalotakiwa ni kuitika. Mwalimu anaweza kutenga dakika tano za mwanzo wa kipindi kwa makosa ya jana, bila ya kutaja jina la mkosaji. Anaweza kutoa jaribio fupi lisilo na alama, ambalo shabaha yake ni kumwonyesha yeye mwenyewe uzi ulikatikia wapi. Mwanafunzi aliyepata alama 3 kwa 20 katika insha aulizwe "kwa nini" hadi chanzo kionekane: huenda hakukosa mawazo, ila hakuwahi kufunzwa kupanga aya. Na mwalimu mkuu, katika mkutano wa walimu, ampongeze anayesema "darasa langu limekwama hapa" kabla ya kumpongeza aliyemaliza silabasi.

Nawe mwanafunzi una wajibu wako. Sentensi "sijaelewa" si ya mjinga. Ni sentensi fupi, yenye kitenzi kimoja tu, na huenda ndiyo ya thamani kuliko zote utakazotamka darasani. Ukiinua mkono, mara nyingi huinui wako tu. Nyuma yako wamo kumi wanaodhani wako peke yao.

Mwaka wa 2023 kundi la Toyota liliuza zaidi ya magari milioni 11 duniani. Sifa hiyo kubwa chanzo chake ni uzi mwembamba na kitanda kilichokubali kusimama ulipokatika. Siku wenye kitanda walipoanza kuona haya kusimama, hata wao walianguka. Tukipenda kuyaendesha magari yao, tusione vibaya kujifunza pia kutokana na kuanguka kwao. Kesho asubuhi, mwalimu, utakapouliza darasa kama limeelewa na likaitikia kwa pamoja "ndiyo", usifute ubao haraka. Ngoja kidogo, umtazame anayeinamisha kichwa.